Seli shina juu ya grafini zikigoma, anza na nyaya

Ujumbe ninaoupata kutoka kwa wanafunzi wa maabara huwa na sura moja: "Nimefuata hatua zote, nimepiga umeme siku 14, seli ziko vilevile. Nibadilishe seli?" Usibadilishe kwanza. Seli ndizo ghali, ndizo zinazochukua wiki kuota, na ndizo zinazosingiziwa kuliko kitu chochote humo ndani. Katika mifumo niliyoitwa kuikagua, mara nyingi kosa lilikuwa kwenye waya, kwenye filamu (utando wa grafini) au kwenye midia (maji ya lishe ya seli), na lingeonekana kwa multimita ya bei ya chini kabla seli haijatolewa kwenye nitrojeni.

Nachukulia una mfumo wa kawaida: seli shina za mesenkima za binadamu (za uboho, za mafuta au za kitovu), kioo kilichopakwa grafini, inkubeta ya nyuzi 37 yenye CO2 asilimia 5, na jenereta ya mapigo, yaani kifaa kinachotoa umeme kwa vipigo vifupi. Lengo ni kuzifanya zibobee, yaani ziache ushina na kushika kazi moja. Nitatumia mfupa kama mfano kwa sababu ndio wengi mnaanza nao. Wa neva nitawagusa kidogo.

Jambo moja kabla ya dalili. Neno "grafini" kwenye lebo ya chupa linaweza kuwa vitu vitatu tofauti. Kuna karatasi ya tabaka moja tu la atomi za kaboni, inayooteshwa juu ya shaba kwa gesi ya methani kwenye joto la karibu nyuzi 1000. Hii ndiyo ndugu wa ile ambayo Andre Geim na Konstantin Novoselov waliibandua kwa gundi ya tepu kutoka kwenye grafiti huko Manchester mwaka 2004. Kuna oksidi ya grafini, unga au maji ya kahawia, inayotengenezwa kwa kuichoma grafiti na asidi na pamanganeti. Na kuna oksidi iliyopunguzwa, nyeusi, iliyoondolewa sehemu kubwa ya oksijeni. Grafiti yenyewe ni ileile ya kwenye penseli, ileile inayopatikana Mahenge na Ruangwa. Ila vitu hivi vitatu havifanani mbele ya umeme wala mbele ya seli, na nusu ya matatizo yaliyo hapa chini huanzia kwa mtu kusoma makala inayohusu kimoja huku mkononi ana kingine.

Dalili ya kwanza: jenereta inasoma volti vizuri, seli hazionyeshi tofauti yoyote

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo muda mrefu.

Sababu ya kwanza ni filamu isiyopitisha umeme. Oksidi ya grafini ni kihami. Weka ncha mbili za multimita juu ya filamu kavu, sentimita 1 kati yake, kwa mkono mwepesi usikwaruze. Ukisoma megaomu, yaani ukinzani wa mamilioni ya omu, au skrini ikionyesha njia imekatika, basi kwa siku 14 ulikuwa unapiga umeme kwenye kioo. Rangi nayo inasaidia: kahawia bado ni oksidi, nyeusi au kijivu kinachong'aa imeshapunguzwa. Suluhisho rahisi ni vitamini C, yaani asidi askobiki, kwenye maji ya moto kwa saa kadhaa, halafu kuosha na kuosha tena. Wapo wanaotumia hidrazini. Mimi siishauri kwa kazi ya seli: ni sumu kwako, na mabaki yake kidogo tu ni sumu kwao.

Kama unatumia karatasi ya tabaka moja, macho hayatakusaidia. Tabaka moja humeza asilimia 2.3 tu ya mwanga, kwa hiyo ufa uliotokea wakati wa kuihamisha kutoka kwenye shaba hauonekani. Multimita huuona.

Ya pili ni maungio. Inkubeta ni mahali pa joto na unyevu usioisha, na klipu za kawaida huota kutu ndani ya siku chache. Rangi ya fedha inayotumika kuunganisha waya na filamu hupasuka ikilowa. Pima ukinzani kutoka waya hadi waya mfumo ukiwa mkavu, loweka kwenye PBS (maji ya chumvi ya maabara) usiku kucha, pima tena, kisha utikise waya huku ukiangalia namba. Namba ikirukaruka, umempata mwizi. Maungio yakae nje ya eneo lenye maji, yafunikwe kwa silikoni. Tena iwe silikoni iliyokwisha kukauka kabisa, kwa sababu ile inayonuka siki inaendelea kutoa asidi hadi imalize kushika.

Ya tatu wengi hawaifikirii: umeme umechagua njia nyingine. Midia ni maji ya chumvi, na chumvi inapitisha umeme vizuri. Hebu tupige hesabu. Ukinzani mahususi wa midia ni takriban omu-sentimita 67. Ikiwa na kina cha milimita 3, hiyo ni karibu omu 220 kwa kila mraba (kipande chenye urefu sawa na upana). Filamu ya oksidi iliyopunguzwa yenye omu 10,000 kwa mraba, ikiwekwa sambamba na midia hiyo, itabeba asilimia 2 hivi ya mkondo. Asilimia 98 inapita juu, ndani ya maji. Hata karatasi nzuri ya omu 500 itabeba chini ya theluthi. Kwa hiyo mtu anayeandika kwenye ripoti kwamba "umeme ulipita kwenye grafini" huku maungio yake yamezama kwenye midia, kwa kweli amepiga umeme kwenye midia. Si dhambi, seli hupata uga wa umeme vilevile, lakini ni jaribio jingine na liandikwe hivyo. Ukitaka mkondo upite kwenye filamu, tenga maungio na maji, tumia volteji ndogo, na punguza ukinzani wa filamu.

Ya nne ni hesabu ya kugawa volti kwa umbali. Una nyaya mbili za platinamu, sentimita 1 kati yake, umeweka volti 1 ya DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu), unaandika milivolti 100 kwa milimita. Hapana. Sekunde chache baada ya kuwasha, ioni hujipanga kwenye uso wa platinamu na karibu volteji yote huishia hapo hapo mlangoni. Katikati, seli zilipo, hakuna kitu. Kujua ukweli, weka rezista ya omu 10 mfululizo na mfumo, na osiloskopu (kifaa kinachochora volti kwenye skrini) juu ya rezista hiyo. Chemba yenye upana wa milimita 20 na kina cha milimita 3 inahitaji mkondo wa milliampea 9 hivi ili kupata uga huo. Juu ya rezista utaona milivolti 90. Ukiona milivolti 90 kwa kufumba na kufumbua kisha mstari ukaanguka chini, seli zako hazijaonja umeme.

Baada ya haya yote kupita ndipo ucheze na vigezo: masafa, muda kwa siku, nguvu ya uga. Watu wengi huanza hapa, wanazunguka miezi mitatu.

Simama na uite fundi umeme wa taasisi kama unahisi kimchomo ukigusa mlango wa inkubeta, au kama jenereta inayotumia umeme wa ukutani imeingizwa ndani ya inkubeta. Usiifungue mwenyewe. Tumia ya betri, ikae nje, nyaya tu ndizo ziingie.

Dalili ya pili: midia inabadilika rangi, seli zinakufa kuanzia kwenye elektrodi

Ukiangalia kwa hadubini utaona kama ufuo: karibu na elektrodi (ncha ya kuingizia umeme) seli ni duara na zimeng'oka, mbali kidogo ziko salama. Midia upande mmoja ni ya njano, upande wa pili imeelekea zambarau. Hapo hakuna fumbo, umeme unachanganua maji. Upande mmoja unatengeneza asidi, mwingine alkali, na mara nyingi peroksidi ya hidrojeni nayo inaingia humo.

Watu hudharau ukubwa wa jambo hili, kwa hiyo nitapiga hesabu tena. Milliampea 9 za DC kwa saa moja ni kulombu 32 na kidogo. Kwenye chemba ya mililita 4, hiyo inatosha kutengeneza asidi upande mmoja na alkali upande mwingine kwa kiasi cha karibu milimola 84 kwa kila lita ya midia. DMEM ya kawaida, aina ya midia, ina bikaboneti milimola 44 kwa lita, ambayo ndiyo bafa inayozuia pH isiyumbe. Bafa inakwisha kabla saa haijaisha. Hakuna seli itakayobobea katika hali hiyo.

Ukaguzi mwepesi: piga umeme kwenye chemba isiyo na seli kwa muda uleule, kisha chovya karatasi ya pH kila upande. Angalia viputo. Ukiona viputo, zima.

Matibabu hutegemea unachotaka. Kama DC si lazima, iache. Tumia mapigo ya pande mbili, pigo la chanya likifuatwa na la hasi lenye chaji sawa, na weka kapasita mfululizo ili hata kosa dogo la jenereta lisipitishe DC. Kama DC ni lazima, elektrodi zisiguse midia kabisa. Tengeneza madaraja ya agari, mirija iliyojazwa agari asilimia 2 kwenye maji ya chumvi, mwisho mmoja ndani ya chemba na mwingine ndani ya kikombe chenye chumvi ambamo elektrodi inakaa. Elektrodi nzuri ya kikombeni ni waya wa fedha wenye kloridi. Safisha waya, uloweke kwenye jiki mpaka ugeuke kijivu cheusi, suuza. Lakini fedha hiyo isikaribie seli: ioni zake huua, ndiyo maana daraja liwe refu.

Sababu nyingine, isiyo ya kawaida sana, ni joto. Uga wa milivolti 100 kwa milimita unaingiza karibu milliwati 15 kwa kila mililita. Joto lisipopata pa kutokea, hiyo ni nyuzi 1 kila baada ya dakika 5. Ukiongeza uga mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Chemba iliyofunikwa vizuri pande zote inaweza kupika seli bila wewe kujua, kwa sababu kipimajoto cha inkubeta kitaendelea kusoma 37. Weka kihisi kidogo cha joto ndani ya midia yenyewe.

Ya mwisho katika kundi hili ni metali. Elektrodi za chuma cha pua na za shaba zinayeyuka. Kama elektrodi imebadilika rangi baada ya wiki moja, kilichopungua kwake kimo ndani ya seli zako.

Dalili ya tatu: seli hazishiki, au filamu inabanduka nazo

Tone la maji litakuambia mengi. Likitanda, uso unapenda maji. Likikaa kama tone juu ya jani la gimbi, uso unakimbia maji, na seli nazo zitasitasita. Oksidi hutanda, iliyopunguzwa hukusanya tone. Paka fibronektini au jelatini, protini za kushikisha seli, au loweka filamu kwenye midia yenye seramu usiku mmoja ili protini zitangulie. Kwa seli za neva, polilisini kisha laminini.

Kama kupaka hakusaidii, fikiria mabaki. Oksidi iliyotengenezwa kwa njia ya Hummers (ile ya asidi na pamanganeti) hubaki na asidi na manganizi ikiwa haikuoshwa vya kutosha. Karatasi iliyotoka kwenye shaba hubaki na shaba na plastiki ya kuhamishia. Jaribio lake ni rahisi: loweka filamu kwenye midia saa 24, itoe, kisha wape seli za kawaida midia hiyo kwenye sahani ya plastiki. Zikiumwa, kosa limo kwenye filamu. Rudi kuosha.

Filamu kubanduka mara nyingi ni kioo kichafu au filamu nene mno. Safisha kioo kwa plazma (gesi iliyochajiwa umeme) kama mnayo. Filamu ikibanduka tu wakati umeme umewashwa, hiyo ni viputo vinavyoinyanyua kutoka chini. Rudi dalili ya pili.

Na kuna seli zilizochoka. Zikipitishwa, yaani kuhamishiwa sahani mpya, mara nyingi hupanuka, hulala bapa kama chapati na kuacha kugawanyika. Jitahidi kubaki chini ya mpito wa 6. Kabla ya kulaumu chochote, hakikisha ni seli zenyewe: CD73, CD90 na CD105, protini za utambulisho juu ya seli, ziwe chanya kwa asilimia 95 au zaidi, alama za seli za damu kama CD45 zisizidi asilimia 2, kama vigezo vya kimataifa vya mwaka 2006 vinavyotaka.

Onyo la pembeni kwa wanaotengeneza oksidi wenyewe. Mchanganyiko wa pamanganeti na asidi ya sulfuriki iliyokolea hutengeneza kimiminika cha kijani kinachoweza kulipuka kikipita nyuzi 55. Bila kabati la kuvuta hewa, bafu ya barafu na mtu aliyewahi kuifanya kazi hii akiwa pembeni yako, nunua iliyo tayari. Na unga mkavu wa grafini usiufungue hewani. Mapafu hayana njia nzuri ya kuutoa.

Dalili ya nne: vipimo vinafurahisha kupita kiasi

Hii nayo ni kasoro, ingawa ni wachache wanaoleta furaha kwa fundi. Seli chache kwa macho, lakini MTT (kipimo cha rangi ambayo seli hai huigeuza zambarau) inasema ziko hai kuliko za plastiki. Grafini yenyewe inaweza kuigeuza MTT kuwa zambarau, bila seli. Weka filamu tupu, tia MTT, subiri. Ikigeuka, umepata jibu. Tumia kipimo cha DNA, au rangi za hai na mfu chini ya hadubini, ukikumbuka kwamba grafini huzima mwanga wa rangi hizo ikiwa karibu sana.

Upande wa mfupa, alizarini nyekundu, rangi inayoonyesha kalsiamu, ndiyo inayodanganya. Kwanza, filamu hufyonza rangi. Pili, glisero-fosfati (chanzo cha fosfati kwenye midia ya kubobesha) ikizidi milimola 10 kwa lita huanza kutengeneza mawe ya kalsiamu bila msaada wa seli yoyote. Tatu, upande wenye alkali kwenye dalili ya pili huharakisha mawe hayo. Nimeona sahani nyekundu kama damu ambayo ndani yake hapakuwa na seli hai hata moja. Kwa hiyo kila mara weka kisima cha filamu bila seli, chenye midia ileile na umeme uleule. Kisha usitegemee rangi peke yake, pima alama za seli za mfupa: fosfatasi ya alkali kati ya siku ya 7 na 14, RUNX2, halafu osteokalsini baadaye.

RNA ikitoka kidogo kwenye sahani za grafini, grafini inaweza kuwa imeishika. Hamisha seli kwa tripsini (kimeng'enya cha kung'olea seli) kwanza, zichujwe mbali na vipande vya filamu, ndipo uzivunje.

Dalili ya tano: sahani isiyo na umeme nayo imebobea

Huenda ni kweli. Mwaka 2011 watafiti wa Singapore walionyesha kuwa grafini peke yake huharakisha seli kuelekea mfupa, na sehemu ya maelezo ni kwamba inavuta dawa za kubobesha mfupa, kama deksamethasoni, kutoka kwenye midia na kuzikusanya chini ya miguu ya seli. Insulini, inayohitajika kutengeneza seli za mafuta, nayo ikigusa grafini hupoteza umbo, ndiyo maana njia ya kuelekea mafuta hudorora. Kwa hiyo midia ya kubobesha ikiwa kwenye sahani zako zote, mchango wa umeme unaweza kuzama ndani ya mchango wa filamu.

Hapa dawa ni ulinganisho, na ndipo wengi wanapobana matumizi. Plastiki na grafini, umeme na bila umeme, midia ya kawaida na ya kubobesha: ni makundi 8. Yale yasiyo na umeme nayo yavishwe nyaya na elektrodi zilezile, ila tu swichi isiwashwe. Ongeza la tisa, ninalolipenda kuliko yote: piga umeme kwenye midia isiyo na seli, kisha wape midia hiyo seli ambazo hazijaguswa na umeme. Zikibobea sawa na zile zilizopigwa, kilichofanya kazi ni kemia ya elektrodi. Uga haukuhusika. Watu hukasirika wakiona matokeo hayo, lakini ni heri uyaone wewe kabla hajayaona msahihishaji.

Wa neva wana hatari yao hapa. Seli shina za neva zinapenda grafini na hutoa neuroni nyingi kuliko glia (seli saidizi za ubongo) hata bila umeme, kwa hiyo hesabu alama zote mbili, beta-tubulini III ya neuroni na GFAP ya glia, si ile unayoitamani tu.

Dalili ya sita: mwezi uliopita ilifanya kazi

Uliza kilichobadilika. Chupa mpya ya seramu, mtoaji mwingine wa seli, mzigo mpya wa grafini. Kila mzigo wa grafini upimwe ukinzani na uandikwe tarehe. Kama umeme ulikatika usiku, inkubeta ikapoa na jenereta ikarudi na mipangilio ya kiwandani, hakuna atakayekuambia. Bandika karatasi ya vigezo kwenye mashine na uvisome kila asubuhi.

Vyote vikiwa sawa, pima maikoplazma, bakteria wadogo sana. Haichafui midia kwa macho, penisilini haiigusi kwa kuwa haina ukuta wa seli, na hubadilisha tabia ya seli kimyakimya. Jibu likiwa chanya, usijaribu kuziponya seli hizo. Zitupe, safisha inkubeta, na umjulishe msimamizi wa usalama wa kibiolojia siku hiyohiyo, kwa sababu sahani za jirani zako ziko hewa moja na zako. Mpigie huyohuyo ukipokea seli za binadamu ambazo hazina cheti cha kupimwa VVU na homa ya ini, kabla hujafungua kichupa.

Na kwa wale wanaoniandikia kuhusu mgonjwa nyumbani, wakiuliza kama filamu hii na mashine ya mapigo vinaweza kuwekwa kwenye goti au mgongo: kila kilichoandikwa hapa kinahusu seli zilizo kwenye sahani. Anayekuuzia "tiba" ya namna hiyo kliniki, mwombe akuonyeshe kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi na cha kamati ya maadili ya utafiti. Asipokuwa navyo, ondoka, nenda kwa daktari bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu.